Reli Iliyobaki Udongo

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu mliofika jioni hii pamoja na mvua na foleni ya Haile Selassie, shikamooni na hamjambo.

Tumekaa karibu sana na jumba la makumbusho ya reli la hapa Nairobi. Tangu 1971 vichwa vya treni vya mvuke vimepumzika pale, vimepakwa rangi, watoto wa shule wanavipanda na kupigwa picha. Mimi mwenyewe nilizaliwa Muthurwa, kwenye nyumba za reli, na nilijifunza kuhesabu kwa mabehewa. Navipenda vichwa vile. Lakini leo naomba niwapeleke kwenye reli ambayo chuma chake kilishang'olewa, taruma kwa taruma, yaani zile mbao nene zinazobeba reli, msitu ukarudi juu yake. Ukifika hutaona treni. Utaona udongo, na nimekuja kuuzungumzia udongo huo.

Inaitwa reli ya Sigi. Iko ng'ambo ya mpaka, mkoa wa Tanga. Ilianzia Tengeni, stesheni ndogo kwenye njia kuu ya Tanga, karibu na Muheza, ikapanda kuelekea miguuni mwa Usambara Mashariki hadi mahali panapoitwa Sigi, kando ya mto wa jina hilo. Urefu wake ulikuwa kama kilomita 23. Wajerumani waliijenga kati ya 1904 na 1910, na waliijenga kwa ajili ya mti. Abiria na mizigo mingine ilifuata baadaye, lakini kilichowatoa jasho ni magogo yaliyokuwa yamesimama mlimani yakisubiri njia ya kushuka pwani.

Kwa sisi wa Nairobi ni rahisi kudhani kwamba reli ya Afrika Mashariki ilizaliwa Mombasa. Mwaka 1896, njia yetu ilipoanza kulazwa pale Kilindini, treni ya Tanga ilikuwa imekwisha kufika Muheza. Ujenzi wake ulianza 1893. Ilikwenda polepole, ikisimama kila fedha zilipokauka: Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kwa hiyo Sigi ni tawi la mti mkubwa kuliko wengi wetu tunavyojua, na tawi lenyewe halikuzaa sana. Msitu wa milima ile umechanganyika. Mwenye msumeno anataka mvule, lakini mvule mmoja umesimama hapa, mwingine uko ng'ambo ya korongo, na katikati yake kuna miti mia ambayo hakuna mnunuzi wa Ulaya aliyeijua jina. Mvule wenyewe, fundi yeyote wa pwani atakuambia, hauogopi mchwa wala maji. Ndio wa milango na mashua. Ila kuutoa ulipo, ndiyo kazi.

Nilikwenda mara ya kwanza wakati wa mvua za vuli. Nilipitia Namanga, nikateremka Moshi na Korogwe, barabara ikifuata njia ile ya zamani kama mtoto anayemfuata mama sokoni. Kutoka Muheza nilichukua bodaboda. Nilikuwa na ramani, nilikuwa na simu yenye kila kitu, na nilikuwa na hakika kwamba nitaiona reli kabla ya saa sita mchana. Hadi saa tisa sikuwa nimeona chochote. Niliona mihogo, mikarafuu, vijia vya watu, nyumba, na msitu. Nilitafuta chuma. Nilipepesa macho chini kama mtu aliyedondosha sarafu.

Mzee mmoja Mbondei alikuwa amekaa barazani kwake, ananitazama nikipita mara ya tatu. Akaniita. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia. Alicheka kidogo, kisha akasema maneno ambayo niliyaandika palepale kwenye daftari: "Mwanangu, ukiitafuta reli usitafute chuma. Tazama maji yanakopita."

Akainuka, akachukua panga lake, tukaenda.

Naomba nikae hapa kidogo, maana ndipo nilipofunzwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mlimani maji hushuka popote yanapotaka, lakini tulifika mahali ambapo yalikuwa yamesimama, yamejikusanya upande wa juu wa kitu nilichodhani ni ukingo wa kawaida wa shamba. Mzee akanionyesha kwa ncha ya panga. Ukingo ule ulikuwa umenyooka, kisha ukajipinda, na pinda lile lilikuwa sawasawa mwanzo hadi mwisho, kama limechorwa kwa kamba. Hakuna mlima unaojipinda namna ile. Lilikuwa tuta. Maji yalikuwa yamezuiwa na kazi ya mikono, na yalikuwa bado yanatafuta karavati, ile njia ya maji chini ya tuta, iliyozibwa na majani na mizizi.

Tulipopanda juu ya tuta, miguu ilijua kabla ya macho. Kijia cha watu hupanda mlima moja kwa moja, kwa sababu mtu ana haraka na ana magoti. Treni haina magoti. Gurudumu laini la chuma juu ya reli laini linaanza kuteleza mapema sana. Ukiipandisha mita 4 kwa kila mita 100, umekwisha kuitesa. Kwa hiyo mpimaji wa njia huuzunguka mlima, huingia kila bonde na kutoka kila mgongo, akinunua kimo kidogo kidogo kwa umbali. Ukitembea mahali hapo unahisi kitu cha ajabu: umo mlimani, miti inaanguka chini upande wa kushoto na kupanda upande wa kulia, na wewe pumzi yako iko vilevile kama unatembea Uhuru Park. Hiyo ndiyo alama. Chuma kinaweza kuuzwa na taruma likaliwa na mchwa. Mwinuko ule mpole haubebeki.

Kuna jambo jingine la ufundi ambalo sikulifikiria kabla ya siku ile. Reli ya magogo inashuka imejaa na kupanda ikiwa tupu. Mzigo unakwenda upande ambao mlima wenyewe unausukuma. Kwa hiyo shida ya mwenye treni inahamia kwenye breki. Magogo mabichi ya mvule ni mazito mno, njia ina mapinda ya kubana, mvua imeilowesha, na huko chini kuna daraja. Nilisimama kwenye pinda moja nikamfikiria mtu wa breki, ambaye picha za wakati ule hazimwonyeshi, maana mpiga picha alipenda kusimama karibu na kichwa cha treni na bwana mwenye kofia.

Na hapa ndipo moyo wangu ulipo, ndugu zangu. Tuta lile ni udongo uliobebwa. Tulifika kwenye mkato, mahali mgongo wa mlima umepasuliwa ili njia ipite, na kuta zake zilikuwa juu ya kichwa changu pande zote mbili, zimefunikwa na kangaga. Udongo uliotolewa mle ndio uliojaza bonde linalofuata. Ndivyo wajenzi wa reli walivyofanya kila mahali, wanatoa hapa wanaweka pale. Hakuna tingatinga mwaka 1904. Ni sururu, koleo, mtaimbo, na karai au kikapu. Baba yangu alikuwa kwenye gengi la kutengeneza njia. Nimeona mikono ya mtu anayeinua kokoto kwa koleo miaka 22. Nilipoweka kiganja kwenye ukuta wa mkato ule, sikuhitaji kuelezwa.

Walikuwa nani? Miaka ile kodi ya nyumba ilikuwa imekwisha kuwekwa, rupia 3, tangu 1898, na kodi hulazimisha mtu kutafuta fedha. Mashamba ya Tanga na Usambara yalivuta watu kutoka mbali sana, Wanyamwezi na Wasukuma waliotembea majuma kadhaa kuja pwani. Huko Usambara Magharibi, wilaya iliyoitwa Wilhelmstal, Lushoto ya leo, kuanzia 1907 kila mwanamume alitakiwa kumfanyia mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Alipewa kadi. Kadi ile iliitwa kipande. Kila siku aliyofanya kazi ilitiwa alama, na alama 30 zikitimia ndipo mtu alipohesabiwa amefanya mwezi.

Naona wazee wametikisa vichwa kusikia neno hilo. Kipande cha kwetu kilikuja baadaye, sheria yake ya 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita, nacho kilining'inizwa shingoni ndani ya kikasha cha chuma kama kengele ya mbuzi. Hivi ni vitu viwili, na serikali mbili, lakini neno ni moja, na nadhani liliumiza kwa namna moja. Nilipomtajia yule mzee kwamba babu yangu wa Murang'a alivaa kipande, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema babu yake yeye alikuwa na cha karatasi, na kwamba nyapara alipokasirika hakuitia alama siku hiyo, ikawa imepotea. Umefanya kazi kutwa, na siku haipo.

Tena wakati ule ule, 1905 hadi 1907, kusini kulikuwa na Maji Maji. Moto ulikuwa unawaka Matumbi na Songea, huku kaskazini tuta linajazwa kikapu kwa kikapu. Kwenye vitabu mambo haya mawili hukaa katika sura tofauti. Ukisimama ndani ya mkato ule, yanakaa pamoja.

Niwarudishe njiani. Reli inakwisha Sigi, kama mita 450 juu ya usawa wa bahari, nayo haikujaribu kupanda zaidi. Juu yake kuna Amani, karibu maradufu ya kimo hicho, ambako Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Waliotoka Tanga kwenda Amani walishuka kwenye treni Sigi, wakaendelea kupanda kwa barabara. Vita vya kwanza vilipofunga bahari, wataalamu wa Amani ndio waliotengeneza kwinini, dawa ya malaria, ya askari kutokana na miti ya bustani yao, na sabuni, na vingine ambavyo meli hazikuweza kuleta. Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyoonyesha jinsi reli nyepesi zisivyo na kwao: njia ya vitoroli kutoka Mombo hadi Handeni ilijengwa kwa vyuma vilivyong'olewa mashambani. Ukikuta tuta bila reli katika nchi ile, usishangae. Chuma kilikuwa na safari zake.

Pale Sigi nyumba ya stesheni bado imesimama. Niliogopa nitakuta magofu. Nilikuta nyumba iliyotunzwa, imegeuzwa kituo cha kupokea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa rasmi 1997. Unalipa kiingilio, unapewa mwenyeji wa kukuongoza, unaketi kwenye baraza ambapo msimamizi wa stesheni alikuwa anasikiliza kama treni inapanda. Mto unasikika. Niliketi pale karibu saa nzima bila kuandika neno.

Msitu wenyewe una makovu ya zama zaidi ya moja. Reli ilichukua miti yake, lakini ukataji uliotisha zaidi ulikuja miaka ya 1970 na 1980, kwa matrekta na malori, baada ya uhuru, mikononi mwetu wenyewe Waafrika Mashariki na wafadhili wetu. Ulisimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwenyeji wangu alinionyesha mti mmoja mrefu, mwepesi, uliojaa kila mahali palipowahi kufunguliwa na msumeno. Wataalamu wanauita Maesopsis. Uliletwa pale, ukapenda, ukaanza kujipanda wenyewe kwenye mapengo. Waliotoka Kakamega humu ndani wanaujua tangu utotoni: ni mutere. Kwao ni mti wa nyumbani wenye heshima zake. Kule ni mgeni aliyekaa mpaka akataka kurithi. Ukiujua mti huu unaweza kusimama mahali popote Usambara Mashariki ukasoma palipokatwa, hata kama hakuna kisiki. Naomba niseme wazi kwamba kazi ya kutafuta njia za magogo inakwenda nusu njia kama hujui miti. Tafuteni mtu wa misitu, muende naye.

Usambara Magharibi nitapita haraka, maana sijaitembea yote. Kule Shume, milima ilikuwa mikali mno hata kwa reli nyembamba, kwa hiyo magogo yalishushwa kwa kamba za chuma zilizotandazwa hewani hadi stesheni ya Mkumbara. Mti wao ulikuwa mtarakwa, huu huu wa Aberdare na wa nguzo za shamba la babu yako. Mtarakwa ulichongwa penseli. Kuna watoto Ulaya waliojifunza kuandika a, e, i, o, u kwa mti wa mlima wetu. Mwaka ujao, Mungu akipenda, nitakwenda kutafuta misingi ya nguzo zile.

Sasa, mtu ataniuliza: mbona Tanga, na hapa nyumbani hatuna? Tunayo. Kijabe, mwendo mfupi kutoka hapa, reli ilifika ukingoni mwa Bonde la Ufa ikashindwa kushuka kwa wakati. Wakati njia ya kudumu inachongwa kwenye genge, wajenzi waliteremsha mabehewa kwa kamba kwenye mteremko mkali, kuanzia 1900 hadi 1901. Mitaro na makato ya kazi ile ya muda yamo kwenye vichaka. Na misitu ya Nairobi yenyewe ina deni la reli. Vichwa vya treni vya zamani vilikula kuni, vikala nyingi sana, ndiyo maana mikaratusi ikapandwa mapema kandokando ya njia, na ndiyo sababu mojawapo ya serikali kuanzisha Idara ya Misitu mwaka 1902. Ukipita Muguga ukaona mikaratusi imejipanga kama askari, jua kwamba ilikuwa chakula cha treni.

Niseme na jambo linaloniudhi. Mara ya pili nilipokwenda Sigi nilikutana na kijana, mwenzetu wa kutoka Nairobi, mpole na mwenye heshima, ambaye mkobani mwake alikuwa na msumari wa reli na kipande cha bati la kufungia taruma. Alikuwa ameviokota bondeni, anavipeleka nyumbani kuweka sebuleni. Nilimsihi avirudishe alipovitoa. Msumari ukiwa mahali pake unakuambia taruma lilipita wapi na njia ilikuwa na upana gani. Ukiwa mtaani Kilimani, Nairobi, juu ya meza ya kioo, ni chuma chenye kutu. Tulirudi naye, saa nzima kupanda, tukauweka. Nilimshukuru na leo namshukuru tena. Yumo humu ukumbini.

Kwa hiyo nawaomba wale mtakaotoka kwenda kutembea: chukueni picha, pimeni upana wa tuta kwa kamba, andikeni mapinda yanaelekea wapi, andikeni miti. Na kabla ya hayo yote kaeni barazani kwa mtu. Nyaraka za Wajerumani ziko Dar es Salaam, zetu ziko hapo Moi Avenue kwenye Hifadhi ya Nyaraka, na ni hazina. Nimesoma karatasi hizo mpaka macho yakauma. Zimeandika bei ya taruma. Zimeandika kimo cha daraja na jina la mhandisi. Aliyebeba kikapu ameandikwa kwa idadi. Jina lake, kama lipo mahali popote, liko kwa mjukuu wake ambaye sasa ana miaka themanini na anatafuta mtu wa kumsikiliza.

Yule mzee wangu wa Muheza nilirudi kumwona mwaka jana. Nilimpelekea picha tulizopiga kwenye mkato, nimezisafisha vizuri kwenye karatasi kubwa. Alizitazama moja moja, akaniuliza kama nimeandika jina la babu yake. Nikamwambia nimeliandika nyuma ya kila picha, kama alivyonitajia. Akataka nimsomee. Nikasoma. Akaniambia herufi moja nimeikosea, nikatoa kalamu nikairekebisha mbele yake, kwenye picha zote sita.

Jumamosi hii tunakwenda Kijabe. Tunaondoka hapa nje ya stesheni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa matatu tuliyokodi. Nafasi zimebaki tano. Njooni na viatu vya matope, maji ya kunywa, na daftari. Kuna bibi mmoja kule juu aliyekubali kutupokea, na amesema tusifike baada ya saa nne, kwa sababu ana shamba la kulima.